Seversky: Rubani wa mguu mmoja aliyeinua chombo kwa upepo wa umeme

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI yenye ukungu, mtu anayepita chini ya nyaya za umeme wa msongo wa kilovolti 220 zinazotoka Rusumo, wilayani Ngara, hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, anaweza kusikia mvumo hafifu juu ya kichwa chake, mfano wa mafuta yanayochemka kikaangoni. Msomaji wa Nyantakara, au wa sehemu nyingine yoyote ya wilaya hizo mbili za Mkoa wa Kagera, akiuliza ni nini kinachovuma, jibu ni kwamba hewa inayouzunguka waya inararuliwa na umeme.

Kwa mafundi wa umeme, mvumo huo ni hasara. Ni nishati inayopotea njiani kabla ya kumfikia mlaji. Lakini katika karne iliyopita aliishi mtu aliyeamini kuwa hasara hiyo inaweza kugeuzwa kuwa nguvu ya kuinua chombo angani bila pangaboi, bila injini na bila kelele.

Mtu huyo ni Alexander de Seversky, rubani wa vita, mhandisi, mfanyabiashara na mwandishi, aliyezaliwa katika himaya ya Urusi na kufia Marekani. Leo jina lake linatajwa zaidi katika historia ya ndege za kivita. Hata hivyo, jaribio lake la mwisho, alilolionyesha hadharani mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 70, ndilo linalowavutia wahandisi wa kizazi hiki, kwa kuwa kwa namna fulani alikuwa sahihi na kwa namna nyingine hesabu zilimkataa.

Mtoto wa Tiflis

Seversky alizaliwa Juni 7, 1894 katika mji wa Tiflis, ambao sasa ni Tbilisi, mji mkuu wa Georgia. Familia yake ilikuwa ya kikabaila, na baba yake alikuwa miongoni mwa Warusi wa kwanza kumiliki ndege. Kijana huyo, kwa hiyo, aliona ndege nyumbani kwao katika miaka ambayo watu wengi duniani walikuwa hawajawahi hata kuisikia.

Alisomea uanamaji na kuhitimu katika chuo cha jeshi la wanamaji la Urusi mwaka 1914, mwaka ambao Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza. Hakukaa sana melini. Alihamishiwa kikosi cha anga cha wanamaji na kuanza kuruka juu ya Bahari ya Baltiki.

Julai 1915, akiwa katika shambulio la usiku dhidi ya manowari ya Wajerumani kwenye Ghuba ya Riga, ndege yake ilipigwa na kuanguka majini. Bomu lililokuwa bado ndani ya ndege lililipuka. Mwenzake aliyekuwa naye alikufa papo hapo, na Seversky alipoteza mguu wa kulia.

Kwa desturi ya jeshi, hapo ndipo safari yake ingekoma. Madaktari walimwona hafai tena kwa vita, naye akapewa kazi za nchi kavu. Lakini alijifunza kutembea kwa mguu wa mbao na, bila ruhusa ya wakubwa wake, akarusha ndege mbele ya umati wa watu waliokuwa wakitazama maonyesho.

Alikamatwa kwa kosa la kukiuka amri. Habari zake zilipofika kwa Tsar Nicholas II, mfalme huyo aliingilia kati na kuruhusu arudi vitani. Mwaka 1916 alikuwa tena angani, na hadi mwisho wa utumishi wake alikuwa amethibitishwa kuangusha ndege sita za adui. Alitunukiwa nishani za juu za ushujaa.

Safari ya Marekani

Mwaka 1918 Seversky aliwasili Marekani katika ujumbe wa masuala ya anga wa jeshi la wanamaji. Wakati huo Urusi aliyoiapia utii ilikuwa imeshaanguka kutokana na mapinduzi ya mwaka 1917. Aliamua kutorudi.

Alianza upya katika nchi ngeni, akiwa na mguu mmoja. Aliyempokea ni Jenerali Billy Mitchell, afisa aliyekuwa akiwakera wakubwa wake kwa kudai kuwa ndege zitazishinda meli za kivita. Seversky akawa mshauri wake wa kiufundi. Mwaka 1921 Mitchell alithibitisha hoja yake kwa kuizamisha meli ya zamani ya Kijerumani, Ostfriesland, kwa mabomu ya ndege.

Katika miaka hiyo Mrusi huyo alibuni mambo mawili yaliyobaki katika historia. La kwanza ni njia ya kujaza mafuta ndege moja kutoka kwa nyingine zikiwa angani. La pili ni kifaa cha kulengea mabomu, ambacho serikali ya Marekani ilinunua haki zake kwa dola 50,000. Fedha hizo zilimsaidia kuanzisha kampuni yake ya kwanza.

Alipata uraia wa Marekani mwaka 1927, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha meja katika jeshi la akiba la anga. Tangu hapo hadi kufa kwake watu walimwita Meja Seversky.

Kampuni iliyomtema

Mwaka 1931 alianzisha kampuni ya kuunda ndege iliyobeba jina lake. Mbunifu wake mkuu alikuwa Alexander Kartveli, ambaye naye alizaliwa Tiflis. Watoto hao wawili wa mji mmoja walikutana ugenini na kuunda ndege iliyoweza kutua majini na nchi kavu, ambayo katika miaka ya 1930 iliweka rekodi za kasi kwa ndege za aina yake.

Ushindi mkubwa ulikuja mwaka 1936, pale jeshi la Marekani lilipoagiza ndege 77 za kivita aina ya P-35 kutoka kampuni hiyo. Ilikuwa ndege ya bati tupu, yenye kiti kimoja na magurudumu yanayokunjwa, mambo yaliyokuwa mapya wakati huo.

Lakini Seversky alikuwa mbunifu hodari kuliko alivyokuwa mtunza hesabu. Kampuni ilipata hasara, na hatua yake ya kuwauzia Wajapani ndege 20 iliwaudhi wakuu wa jeshi. Mwaka 1939, akiwa Ulaya kutafuta wateja, bodi ya wakurugenzi ilimwondoa katika uongozi. Muda mfupi baadaye kampuni ilibadilishwa jina na kuitwa Republic Aviation.

Kampuni hiyo hiyo, ikiwa na mbunifu yule yule Kartveli, ndiyo iliyotengeneza ndege ya P-47 Thunderbolt, ambayo zaidi ya 15,000 ziliundwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwanzilishi alikuwa nje ya lango.

Mtu mwingine angeweza kukata tamaa. Seversky alishika kalamu. Mwaka 1942 alichapisha kitabu kilichoitwa Victory Through Air Power, akieleza kuwa vita hiyo ingeamuliwa na nguvu ya anga na kwamba Marekani ilihitaji ndege za kwenda masafa marefu. Kitabu kilisomwa mno, na mwaka 1943 Walt Disney akakitengenezea filamu ambayo Seversky mwenyewe alionekana ndani yake. Mwaka 1945 alitunukiwa nishani ya Medal for Merit kwa mchango wake.

Kutoka moshi hadi upepo

Baada ya vita, Seversky aligeukia jambo lililoonekana kuwa mbali na ndege, nalo ni moshi wa viwandani. Mwaka 1952 alianzisha kampuni iliyoitwa Electronatom, na moja ya kazi zake ilikuwa kusafisha hewa kwa kutumia umeme wa msongo mkubwa.

Teknolojia hiyo haikuwa ngeni. Ndani ya bomba la moshi hutandazwa nyaya nyembamba zenye volti maelfu kwa maelfu. Chembe za vumbi zinazopita hapo hupata chaji ya umeme, kisha huvutwa na kunata kwenye bamba la chuma lililo pembeni. Viwanda vya saruji na mitambo ya umeme wa makaa ya mawe duniani vimeitumia kwa zaidi ya miaka 100.

Ila kuna jambo moja ambalo kila aliyefanya kazi na mitambo hiyo hulifahamu. Waya wenye umeme wa msongo mkubwa hauvuti vumbi tu, bali pia husukuma hewa. Ukiweka mkono karibu na ncha kali yenye volti nyingi, utahisi upepo. Mwingereza Francis Hauksbee aliandika juu yake mwanzoni mwa miaka ya 1700, na Michael Faraday aliutafiti katika karne ya 19. Ni upepo wa umeme, au upepo wa ioni.

Seversky, rubani tangu ujana, alijiuliza swali ambalo rubani yeyote angejiuliza. Kama umeme unaweza kuisukuma hewa kwenda chini, je, hewa hiyo haiwezi kukisukuma chombo kwenda juu?

Jinsi kinavyoruka

Agosti 1959 aliwasilisha maombi ya hataza ya chombo hicho, na Aprili 28, 1964 serikali ya Marekani ilimpatia hataza namba 3,130,945. Alikiita Ionocraft, yaani chombo cha ioni.

Kwa kukitazama, kilifanana zaidi na kitanda cha kamba kuliko ndege. Kilikuwa fremu nyepesi ya mbao za mti wa balsa. Chini yake ulitandazwa wavu wa waya, na juu ya wavu, kwa umbali mdogo, zilisimamishwa nyaya nyembamba. Nyaya za juu ziliunganishwa na upande mmoja wa umeme wa volti 30,000 hivi, na wavu wa chini ukaunganishwa na upande wa pili. Hapakuwa na kitu chochote kinachozunguka.

Siri iko kwenye wembamba wa waya. Umeme unaposongamana kwenye waya mwembamba au ncha kali, nguvu yake katika eneo hilo dogo huwa kubwa kiasi cha kuzivunja molekuli za hewa. Elektroni hung'olewa, na molekuli iliyopoteza elektroni hubaki na chaji chanya. Hiyo ndiyo ioni.

Waya ukiwa chanya na wavu ukiwa hasi, ioni hiyo husukumwa na waya na kuvutwa na wavu. Inaanza safari kuelekea chini, lakini haisafiri peke yake. Njiani hugongana na molekuli za kawaida za hewa mara nyingi mno, na kila pigo huipa molekuli sehemu ya mwendo wake. Ni kama watu wachache wanaokimbia ndani ya soko lililofurika: hawafiki mbali kabla ya kuwasukuma wengine wote upande wanaokwenda.

Matokeo yake ni upepo mtulivu unaopita katika matundu ya wavu kwenda chini. Na kwa kuwa kila msukumo una msukumo wa kujibu, chombo husukumwa juu. Kanuni ni ile ile ya helikopta, isipokuwa hapa panga zimeondolewa na mahali pake pamechukuliwa na ioni.

Hapa pia ndipo tofauti na nyaya za Rusumo ilipo. Umeme wa gridi hubadili mwelekeo huku na huku mara 50 kwa sekunde, hivyo ioni zinazozaliwa kando ya waya huvutwa na kurudishwa bila kufika popote. Chombo cha Seversky kilihitaji umeme wa mkondo mmoja, ili ioni zote ziende upande mmoja.

Kilipanda kweli

Mwaka 1964 waandishi wa magazeti ya sayansi walikishuhudia. Chombo chenye uzito wa gramu 57 hivi kilinyanyuka, kikaelea na kugeuka kufuata matakwa ya mwendeshaji, huku kikiwa kimya. Seversky alizungumzia siku ambapo vyombo vikubwa vya aina hiyo vingebeba watu mijini na kukaa angani kwa ajili ya mawasiliano na ulinzi.

Lakini kulikuwa na waya. Chombo hakikubeba umeme wake. Kilining'inia kwenye nyaya nyepesi zilizotoka kwenye mtambo uliobaki sakafuni, na mtambo huo ulikuwa mzito mara nyingi kuliko chombo chenyewe.

Takwimu zilizotolewa wakati huo zinaonyesha kuwa gramu hizo 57 zilihitaji wati 90 ili ziendelee kuelea. Kwa kiwango hicho, kumwinua mtu mmoja wa kilo 70, bila kiti wala fremu, kungehitaji kilowati 110. Helikopta hubeba uzito huo huo kwa sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo.

Msomaji wa Ngara na Biharamulo anaweza kuipima hesabu hiyo kwa kitu anachokifahamu. Mtambo wa maji wa Rusumo, unaotumiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, una uwezo wa megawati 80. Kama umeme wote huo ungepelekwa kwenye vyombo vya aina ya Seversky, ungeinua takriban tani 50. Lori moja la ekseli saba linalopita Nyakanazi kuelekea mpaka wa Rusumo linaruhusiwa kufikia tani 56. Nchi tatu zingezima taa, na bado lori hilo lisingenyanyuka.

Wala haiwezekani kuponya tatizo hilo kwa kuongeza volti tu. Msongo ukizidi mno, hewa kati ya waya na wavu husalimu amri, cheche hupiga mfano wa radi ndogo, na msukumo hukoma. Isitoshe, kadiri ioni zinavyokimbizwa kwa kasi, ndivyo kila wati inavyotoa msukumo mdogo zaidi. Sheria hizo hazikuwa za kampuni wala za jeshi, na hapakuwa na tsar wa kuzitengua.

Si uchawi wala si kuishinda dunia

Kuna jambo ambalo Seversky anastahili kusifiwa kwalo. Katika zama zake alikuwapo Mmarekani mwingine, Thomas Townsend Brown, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki dunia mwaka 1985. Brown aliona msukumo kama huo tangu ujana wake, lakini akaamini kuwa umeme ulikuwa unaathiri nguvu ya uvutano wa dunia yenyewe.

Imani hiyo imezaa hadithi nyingi za visahani vinavyoruka na siri za serikali, na mpaka leo wapo wanaoiuza. Seversky hakupita njia hiyo. Alieleza wazi kuwa chombo chake kinasukuma hewa, na kwamba mahali pasipo hewa hakiwezi kuruka. Majaribio makini yaliyofanywa miaka ya baadaye ndani ya vyombo vilivyoondolewa hewa yamemuunga mkono: hewa ikiondoka, msukumo nao huondoka.

Ukweli huo ulimgharimu. Mfanyabiashara anayedai kuishinda nguvu ya uvutano hupata wasikilizaji wengi kuliko yule anayesema ametengeneza feni isiyo na panga. Lakini ndiyo sababu kazi ya Seversky inasomwa na wahandisi, ilhali ya mwenzake inasomwa zaidi na wapenda maajabu.

Miaka 44 baadaye

Seversky alifariki dunia jijini New York Agosti 24, 1974, akiwa na umri wa miaka 80. Miaka minne kabla, jina lake lilikuwa limeingizwa katika orodha ya heshima ya mashujaa wa anga wa Marekani. Chombo chake cha ioni hakikuwahi kubeba mtu, wala hakikuwahi kukata waya uliokifunga na ardhi.

Waya huo ulikatwa na wengine. Novemba 2018, timu ya Profesa Steven Barrett wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani ilitangaza kuwa imerusha ndege inayosukumwa na upepo wa ioni huku ikibeba betri zake yenyewe. Ilikuwa na uzito wa kilo 2.45 na mabawa yenye upana wa mita tano. Kwa umeme wa volti 40,000 ilivuka ukumbi wa michezo, umbali wa mita 55 hivi, ikiwa kimya.

Wahandisi hao walifanikiwa kwa kuwa walibadili swali. Hawakuutaka upepo wa ioni ubebe uzito wote, kama alivyotaka Seversky. Waliuachia kazi ya kusukuma ndege mbele, na kazi ya kuinua wakawapa mabawa, ambayo huinua mzigo mkubwa kwa msukumo mdogo. Betri na vifaa vyepesi vya kupandisha volti, ambavyo mwaka 1964 havikuwapo, vilimaliza sehemu iliyobaki.

Hata hivyo msukumo waliopata kwa kila kilowati haukutofautiana sana na ule wa Seversky. Kilichobadilika ni uzito wa kile kilichoachwa sakafuni kwa miaka 54, ambacho sasa kilitosha kupakiwa.

Safari hii ndefu, kutoka Ghuba ya Riga hadi ukumbi wa michezo wa chuo kikuu, ina funzo kwa vijana wetu wanaosomea ufundi na sayansi, wengi wao wakiwa na mawazo mazuri na vifaa vichache. Chombo kinaweza kuruka kweli na bado kisifae kwa kazi, na kinachotenganisha mambo hayo mawili ni hesabu inayoweza kufanywa kwa kalamu kwenye karatasi moja. Seversky aliifanya hesabu hiyo hadharani, akaziacha namba zake zikisomeka, na waliokuja nyuma yake wakajua mahali pa kuanzia.